Mfuko Mmoja wa Unga kwa Wachungaji Wawili

Mmeniuliza sana. Weisiko umeniuliza kisimani, Nyangi umeniuliza nikiwa na jembe mkononi, hata Mama Wankyo ambaye miguu haimpeleki tena popote amemtuma mkwewe aje aniulize: Bhoke, huko Mugumu kulitokea nini mpaka umerudi umenyamaza hivyo?

Sikunyamaza kwa kukosa maneno. Nilikuwa na hasira, na mtu wa umri wangu akiongea na hasira anaweza kusema neno lisilorudi. Sasa nimekaa na nimeshika kalamu. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta herufi zimeanguka ziokoteni wenyewe. Weisiko, wewe unayesoma vizuri, wasomee wenzako kwa sauti, na usiruke mahali ninapogomba.

Kuondoka Nyanungu

Marwa ni mtoto wangu wa kwanza, Robhi anamfuata. Wamenyonya ziwa moja. Robhi aliolewa na Mahende, wakahamia wilaya ya Serengeti kutafuta shamba, na baadaye Marwa akawafuata akajenga jirani. Kijiji chao sitakitaja, ingawa majina yote ninayakumbuka. Mwanzoni walisali pamoja chini ya turubai moja, Mahende akihubiri wiki hii na Marwa wiki ile. Halafu wakanunua kipaza sauti. Kipaza sauti kimoja, wanaume wawili. Wakagombana nani akishike, wakagawana watu kama mbuzi, na leo kuna makanisa mawili yanayotazamana, na kila moja lina mchungaji anayesema lile lingine si la Mungu.

Haya nilikuwa nayavumilia. Nilisema ni ujana, utapita, ingawa wote wana mvi. Kisha Nyangi akanisikilizisha ile sauti kwenye simu yake. Ndiyo, Nyangi, wewe. Upepo ulikuwa umeezua kanisa la Marwa, mabati yametupwa shambani, na Jumapili yake Mahende akasimama kwenye spika, mkwe wangu huyo, akasema: "Mungu hana haja ya maneno mengi! Akiichukia nyumba, anaifunua kifuniko kama sufuria!" Na watu wakapiga vigelegele. Katika vigelegele hivyo nikaitambua sauti ya binti yangu.

Sikulala vizuri. Nikawa nawaza: leo nikifa, hawa wawili watafanyaje? Watakuja na spika mbili hapa Nyanungu. Mmoja ataniombea upande wa kichwa, mwingine upande wa miguu, na ninyi mtasimama mmeshika midomo. Watanigombania kama mpira. Niliogopa hilo kuliko kufa kwenyewe.

Kulipokucha nikatoa ulezi wangu, nikaupeleka mashineni, nikatia unga kwenye mfuko mmoja na kuufunga kwa kamba ya katani. Mfuko mmoja, makusudi. Kama wanataka unga wa mama yao, watafute namna ya kuugawana.

Njia yetu ya mkato ilikuwa imekatwa na mvua, kwa hiyo ilibidi nishuke kwanza Tarime mjini kutafuta basi. Nikapanda pikipiki ya Gesase, yule wa kwa akina Nyamhanga. Kwenye ule mteremko wa utelezi tukaanguka wote wawili. Mimi nimelala kwenye matope nimeinua mfuko juu kama mtu anayevuka mto na mtoto.

"Bibi, umeumia?" Gesase analia.

"Unga umemwagika?"

"Hapana, bibi."

"Basi sijaumia. Inuka, mura, kijana wangu, usilie mbele za watu."

Hapakuwa na watu. Ng'ombe tu, wakitutazama.

Bomani

Nilifika Bomani, hapo Tarime mjini, nimekauka matope upande mmoja kama ukuta uliokandikwa nusu. Basi la Mugumu lipo, lakini halijai, na lisipojaa haliondoki. Kondakta wao anaitwa Kisiri, mwembamba, ana sauti kubwa kuliko mwili wake. "Dakika kumi tu, bibi." Zile dakika kumi zao mnazijua.

Mvua ikaanza tena. Nikakimbilia kibanda cha mama mmoja anayeuza chai, anaitwa Bi Zuhura, Mwislamu, babu yake alikuja huku zamani kutoka Pangani akishona nguo. Hakuniuliza mimi ni nani. Alinitazama yale matope, akaleta maji ya moto kwenye beseni, akasema, "Anza na miguu, mwenzangu, tumbo litafuata." Kisha chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Nikafumba macho nikaomba kabla ya kula. Alinyamazisha hata redio yake mpaka nikasema amina.

"Unakwenda kusalimia watoto?"

"Nakwenda kuwagombeza."

Akacheka, akavuta kigoda. "Wamefanya nini?"

Nikamweleza yote, ya kipaza sauti, ya upepo, ya kifuniko cha sufuria. Nilijua naanika aibu yetu ya Kikristo mbele ya mtu wa dini nyingine, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikujali. Nilitegemea atasema, ndivyo mlivyo. Hakusema.

"Sisi hugombania mwezi," akasema. "Mwaka huu huyu kauona, yule hajauona. Ndugu yangu Hamisi alikula sikukuu siku moja na mimi nikala siku nyingine, na nyumba zetu zinagusana."

"Mkafanyaje?"

"Tulinuniana. Lakini siku yake niliona sahani ya pilau imefunikwa kwenye mlango wangu, na mimi bado nimefunga! Nikakasirika mno. Magharibi ilipofika nikaila."

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa imepoa," akasema, "lakini mke wake anajua kupika, siwezi kumnyima haki yake."

Alikataa hela yangu. Nimemuahidi nitampelekea ulezi tukivuna, na ninyi mnikumbushe.

Kabla ya Mto Mara

Basi liliondoka limejaa kweli, kwa sababu kwaya mbili zilipanda. Kwaya ya vitenge vya kijani na kwaya ya vitenge vya zambarau, makanisa tofauti, mikutano tofauti, zote zinakwenda Mugumu. Kijani walikaa kushoto, zambarau kulia, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Mimi nimekaa katikati na mfuko wangu mapajani, nikajisemea, kumbe vita haviko nyumbani kwangu tu.

Tulipita Nyamongo vizuri. Mbele kidogo, kabla hatujafika Mto Mara, basi likateleza pembeni na gurudumu la nyuma likazama. Kisiri akapiga kelele: "Wenye nguvu wote chini! Tunasukuma!"

Wakashuka. Sasa mnajua, kitu kizito hakisukumwi kimyakimya, kinataka wimbo ili mikono iende pamoja. Kiongozi wa kijani, mama mmoja mnene wa heshima anaitwa Mgesi, akaanzisha wimbo wao. Kiongozi wa zambarau, Elia, mwanamume mrefu mwenye miwani, akainua mkono.

"Huo hatuuimbi. Una maneno ambayo sisi hatuyaamini."

"Unayaamini matope?" Mgesi akamuuliza.

"Dada, mimi nasema kwa upendo."

"Upendo wako ukae huko huko upande wako wa basi!"

Kisiri akasema, "Jamani, mimi ni mpagani, lakini naomba msukume."

Mnadhani walisikia? Kijani wakaimba wao, zambarau wakaimba wao. Hawa wanasukuma, wale wanavuta pumzi. Wale wanasukuma, hawa wanavuta pumzi. Basi likawa linatikisika kama mtoto anayebembelezwa, na kila likitikisika linazama zaidi. Nililiangalia hilo kupitia dirishani mpaka damu ikanipanda. Nikashuka.

"Bibi, wewe kaa," Kisiri akasema.

"Nikikaa nitazeekea humu."

Nikaenda nyuma, nikaweka mfuko wangu kwenye jiwe, nikaweka mikono kwenye bati la basi, nikaanza ule wimbo wetu wa kupalilia, ule waliokuwa wakiuimba mama zetu mstari wa wanawake unapoingia shamba la ulezi. Hauna dini ule. Una jembe tu. Mgesi akanitazama, akajibu. Akina mama wa zambarau wakajibu. Hata Elia na miwani yake, alilelewa na mwanamke wa Kikurya naye, akajibu. Mara ya tatu basi likatoka.

Ningefurahi, lakini sikilizeni. Tulipokaa tu, kijani mmoja akasema Mungu ametusikia kwa sababu ya maombi yao ya asubuhi. Zambarau mmoja akasema hapana, ni wao waliokuwa wamefunga. Wakaanza upya! Nikasimama ndani ya basi linalotembea, nimeshikilia kiti.

"Mimi nimesukuma na bega hili," nikawaambia, "na nimekula mihogo ya Mwislamu. Basi semeni ni mihogo iliyolitoa, tumalize!"

Tulivuka Mto Mara ukiwa umejaa, wa rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyefungua mdomo hata kuushangaa. Baadaye Mgesi akanipitishia ndizi mbivu kutoka kushoto. Elia akanipitishia yai la kuchemsha kutoka kulia. Nikala vyote viwili, sikumshukuru yeyote. Nilikuwa bado nimekasirika, na njaa ni njaa.

Mugumu, na kosa la boda

Stendi ya Mugumu nikampata kijana wa boda anaitwa Wambura. Nikamtajia kijiji, nikamwambia anipeleke kwa mchungaji.

"Wako wawili, bibi. Yule mkubwa?"

"Ndiyo, mkubwa."

Mama gani atasema mwanae ni mdogo? Kwangu mchungaji mkubwa ni Marwa. Kumbe kwa Wambura mkubwa ni yule ambaye kanisa lake bado lina paa. Akanipeleka mbio mpaka kwenye ua, akazima pikipiki mbele ya mlango, na pale mlangoni nikamwona Mahende amevaa singilendi, suruali amekunja, ananawa miguu kwenye beseni.

Sisi wa hapa hatuhitaji kuelezwa, lakini Weisiko huenda akawasomea wageni, kwa hiyo nasema. Kwetu mama na mume wa binti yake hawatazamani hovyo. Siingii nyumbani mwake, hanipi mkono, na chakula hakiliwi mbele ya mwenzake. Nimemheshimu Mahende hivyo tangu alete ng'ombe, na yeye kanisani anasema mila zimepitwa na wakati, lakini hiyo moja hajawahi kuigusa.

Aliponiona aliruka. Beseni likapinduka. Mchungaji mzima anakimbia peku nyuma ya zizi, na mimi nimejitupia kanga usoni nimegeukia ukuta wa minyaa.

Wambura akashangaa. "Bibi, mbona mchungaji anakukimbia? Amefanya nini?"

"Ndicho nilichokuja kuuliza."

Robhi akatoka jikoni, akaona beseni, akaniona mimi na minyaa, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama! Umeingilia mlango wa mbele!" Nami nikacheka kidogo. Halafu nikamwambia haya, nisindikize kwa kaka yako.

Akaacha kucheka. Alinibebea mfuko mpaka mwisho wa minyaa yao, akauweka chini.

"Mama, mimi naishia hapa."

"Unaishia wapi? Nyumba ya Marwa ile pale, naiona."

"Tulikubaliana kanisani tusivuke. Ukivuka unaonekana umewakubali."

Hebu niambieni. Mtoto niliyembeba mgongoni, ambaye Marwa ndiye aliyemfundisha kutembea kwa kumshika vidole, anasimama kwenye mpaka wa minyaa kama vile mbele yake kuna mamba. Nilichukua mfuko wangu. Nilichomwambia sitakiandika, maana Weisiko ataona aibu kukisoma.

Kati ya spika mbili

Kanisa la Marwa lilikuwa limesimama kuta tupu, na mabati yamejikunja kwenye mihogo kama karatasi za pipi. Moyo uliniuma, nawaambia ukweli. Marwa akaja mbio, akanipa shikamoo, na kabla sijaitikia vizuri akaanza.

"Umeona walivyotufanyia, mama?"

"Upepo walikuwa nao mfukoni?"

"Waliomba tuanguke! Walifunga na kuomba."

Ghati, mke wake, alikuwa amepiga magoti ananipa maji. Mnamjua Ghati, msichana wa Itiryo, si mtu wa maneno. Akasema polepole, "Mama, muulize hizo kuta aliziinua za nini."

"Ghati!"

"Nasema na mama."

Ikatoka yote. Kanisa la Mahende lilipoisha, Marwa alikuta lake liko sawasawa nalo. Akamwambia fundi aongeze matofali juu, ili lake lionekane kwanza kutoka barabarani. Fundi akamwambia basi paa lifungwe vizuri, upepo wa huku si wa mchezo. Marwa akasema paa litasubiri, kwanza spika, kwa sababu spika ya Mahende ilikuwa imempita kwa sauti. Kwa hiyo mmoja alimpandishia Mungu ukuta ili amzidi shemeji yake, na upepo ulipolichukua paa, dada yake akapiga vigelegele. Na mimi nilikuwa nimekuja nikidhani nina mtoto mmoja mkosaji!

Ghati alikuwa amepika mboga ya mgagani kwa maziwa. Harufu ilijaa ua mzima. Nikaweka mfuko wa unga katikati ya uwanja.

"Marwa. Huu ni wa nyumba mbili. Utafunguliwa siku wewe na shemeji yako mtakapokula sufuria moja. Mpaka siku hiyo, mimi kwenu ni maji tu."

Akacheka. "Mama, wewe na chakula? Utaweza?"

Hakucheka jioni, nilipoisukuma sahani ya Ghati. Mnajua kwetu, mzazi akiondoka kwa mwanae ameinyima nyumba hiyo mdomo wake, hilo si jambo la kuchekea. Watu watasema mama yao amewaacha.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kati ya makanisa yale kuna njia ya ng'ombe, ya watu wote. Nikaenda nikakaa pale katikati, kwenye ardhi tupu, juani, bila kigoda. Kushoto spika ya Mahende, kulia spika ya Marwa kutoka ndani ya kuta zisizo na paa. Wakaanza. Na walihubiri nini? Mnajua walihubiri nini? Unyenyekevu! Huyu anasema "Jishushe, ndugu yangu!" Yule anasema "Mhesabu mwenzako kuwa bora kuliko wewe!" Na kila mmoja anaongeza sauti ili neno la unyenyekevu la mwenzake lisisikike. Ng'ombe walikataa kupita. Mimi nimekaa pale masikio yananiuma, nikasema, Bwana, kama unawasikiliza hawa una uvumilivu, mimi sina.

Punde akaja mzee wa kanisa la Mahende, Magige, amekunja mikono kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mchungaji anaomba usogee kidogo. Mlango uko wazi, anakuona. Mkwe wake amekaa vumbini, anashindwa kuhubiri."

"Mwambie sijaingia kanisani kwake. Niko njiani na ng'ombe."

"Mama, mlango hatuwezi kuufunga, kuna joto."

"Basi na ahubiri amefumba macho."

Spika ya kushoto ikakohoa, ikanyamaza. Ya kulia ikaendelea peke yake, na kwa sababu haikuwa na wa kushindana naye ikapungua, ikapungua, mpaka Marwa mwenyewe akatoka. "Mama, ingia ndani, watu wanatutazama."

"Waache watazame. Si ndiyo maana mliinua ukuta?"

Ibada zote mbili ziliisha mapema siku ile. Msidhani walikumbatiana. Mahende alitokea mlango wa nyuma. Marwa alirudi nyumbani mbele yangu, hakunisubiri. Jioni Robhi alikuja mpaka kwenye minyaa na sahani iliyofunikwa, akasimama upande wake. Ghati akasimama upande wetu na sahani nyingine. Wote wawili wanalia, na hakuna anayemtazama mwenzake.

"Mama, kula kidogo," Robhi akasema. "Utatufia."

"Nikifia hapa mtanigombania. Kesho narudi Nyanungu. Nikifa huko mtakuja wote, mkae mkeka mmoja mkitaka msitake, kwa sababu nyumba yangu ina mkeka mmoja."

Nilisema kwa ujeuri, lakini tumbo lilikuwa limeshika mgongo. Nikamwachia Ghati mfuko vilevile ulivyofungwa.

Stendi

Asubuhi Wambura akanipeleka stendi. Basi lilikuwa lilelile, na Kisiri yuleyule. "Bibi wa wimbo!" akaniita, akanipa kiti cha dirishani. Akaniuliza kama nataka chai. Nikasema hapana. Nilitaka kuondoka Mugumu nikiwa tupu kabisa, ili wajue sikuwa natania.

Dereva alikuwa ameshawasha injini niliposikia pikipiki inapigiwa honi ya fujo. Nikatazama. Anayeendesha ni Mahende, kwenye suti, amejaa matope mpaka kwenye tai. Nyuma yake amekaa Marwa, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwenye kanga, na kwa kuwa sufuria ni ya moto na barabara ni mbaya, amemng'ang'ania shemeji yake kiunoni kama mchumba. Watu wa stendi walikuwa wanawafahamu wote wawili. Mmoja akapaza sauti: "Wachungaji! Leo mmefungishwa ndoa?"

Mahende akaniona dirishani. Papo hapo akageuka, akasimama ameukabili ukuta wa choo cha stendi, mgongo kwetu. Mchungaji mkubwa wa kijiji, mwenye spika kubwa, amesimama kama mtoto aliyewekwa kona, na watu wanamcheka, na hakugeuka. Hapo nilimheshimu kidogo. Kidogo tu.

Nikashuka. Marwa akapiga magoti kwenye matope, akafungua kanga. Kabla hajainua kifuniko nilijua. Ile harufu ya ulezi wangu ningeijua hata nikiwa kipofu. Ugali, na mgagani kwa maziwa.

"Nani amefungua mfuko?"

"Wao," Marwa akasema, anatazama chini. "Robhi alivuka alfajiri. Tulipoamka tulikuta moshi, yeye na Ghati wako jiko moja wanasonga. Wakatuambia pelekeni wenyewe, wawili, sufuria moja, msipofika kabla basi halijaondoka msirudi."

Mahende akasema na ukuta: "Shemeji, mwambie mama kwamba yale maneno ya kifuniko, Jumapili nitasimama kwenye spika ileile niyafute, na pia napenda kusema kwamba Maandiko yanatufundisha..."

"Mwambie shemeji yako," nikamwambia Marwa, "nimeshiba maneno. Nina njaa ya ugali."

Marwa akaninawisha. Nikakaa kwenye ngazi ya basi, nikala. Dereva akapiga honi. Kisiri akamwambia, "Muache, huyu alitutoa kwenye matope." Nilikula polepole. Makusudi. Kila tonge nililitafuna mpaka likaisha utamu, na Mahende bado anautazama ukuta wa choo, na jua limemkalia kichwani. Nilipofika katikati nikaacha.

"Hii nusu ni yenu. Mbele yangu hawezi kula, kwa hiyo nendeni upande wa pili wa basi. Nataka kuona sufuria tupu."

Wakazunguka. Nikapanda kwenye kiti changu, lakini dirisha langu lilikuwa upande wa huku. Nikashuka tena, goti lisilotaka nikalilazimisha, nikainama, nikachungulia chini ya basi. Sikuona nyuso. Niliona viatu. Viatu vyeusi vya Mahende vilivyojaa matope, na raba za Marwa, vimetazamana, na katikati sufuria imewekwa chini. Muda mrefu hakuna kitu. Nikaona raba zinapiga hatua nyuma. Nikasema, haya, imeshindikana. Kisha mkono ukashuka, ukamega. Na mwingine ukashuka.

Marwa akaileta sufuria, akainamisha nione ndani. Ilikuwa imefutwa hata ukoko.

Nikapanda, basi likaondoka. Lilipopinda kutoka stendi walibaki wazi pale walipokuwa, wote wawili, mbele ya dirisha langu kabisa. Ninyi mtaniuliza, Bhoke, walikuwa wanacheka? Walikuwa wanaongea? Wamepatana? Mimi ni mama mkwe. Mahende alikuwa pale na mdomo haujafutwa ugali. Nikavuta kanga nikajifunika uso, mpaka tulipopita.